JE, YAFAA KUBADILI KOMPYUTA ZA VYAMA VYETU?

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa Nachingwea na Ruangwa katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo litaletwa mbele ya mikutano mikuu ya vyama vyetu. Jambo lenyewe ni hili: je, kompyuta tulizo nazo ofisini zibadilishwe kwa mpya, au zitengenezwe na kuendelea na kazi? Twasema "sisi" kwa kuwa maneno haya si ya katibu mmoja. Tumeyapima pamoja, makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi wa pande hizi mbili, kabla ya kuyaleta kwenu.

Wako wanachama wasemao kwamba kompyuta ni anasa ya karani, na kwamba fedha yake ingefaa zaidi kununulia maturubai. Wako pia viongozi wasemao kwamba chama kisicho na kompyuta mpya kimepitwa na wakati, na chatia aibu mbele ya wageni. Kwa maoni yetu maneno hayo yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hayana kipimo ndani yake. Mkulima hauzi korosho yake pasipo mizani. Basi na shauri hili lisikatwe pasipo mizani.

Kwanza yatupasa tukumbuke kwa nini kompyuta iko ofisini. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na korosho ikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo katika msimu wa 2007/2008. Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imeendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, lile liitwalo TMX. Mkulima huleta mzigo wake kwenye chama cha msingi. Hupimwa, hupewa karatasi ya mapokezi, na mzigo huenda ghala kuu kungoja mnada. Mnunuzi akiisha kulipa, chama hutayarisha orodha ya malipo: jina la mkulima, kilo zake, makato yake, na namba ya akaunti yake ya benki. Orodha hiyo ndiyo inayomfikishia mkulima fedha yake. Tarakimu moja ikikosewa, fedha hurudi au huchelewa. Na orodha ikichelewa, wakulima wote huchelewa pamoja nayo.

Nanyi mwajua ni nani amngojaye mkulima aliyechelewa kulipwa. Mwenye kangomba yuko mlangoni, fedha mkononi, na bakuli lake chini ya mkono. Mwezi wa Januari shule zafunguliwa, mtoto ataka sare na madaftari, na baba au mama hana subira tena. Hupima kwa bakuli kile ambacho kingepimwa kwa kilo, tena kwa bei ya mnyonge. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, wingi wa siku kati ya mnada na malipo si jambo la makarani peke yao. Ni jambo la kufa na kupona kwa ushirika wenyewe, kwa kuwa mwanachama asiyelipwa kwa wakati hatarudi na mzigo wake mwaka ujao.

Hata hivyo, kusema kwamba kazi ni kubwa si sawa na kusema kwamba mashine mpya ndiyo dawa. Sisi watu wa Nachingwea tumerithi fundisho hilo katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika ya Mashariki na Kati, na gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 25. Yaliletwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi katika mashine hizo yaliharibika mapema. Vipuri na mafundi havikutosha. Na huko Kongwa udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji, ukayala majembe ya chuma. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulivunjwa, na fedha iliyopotea ilikuwa yapata pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kufika Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilisalia, na hata leo yatufaa.

Wakubwa wale hawakukosa mashine. Walikosa kuuliza mambo kwa utaratibu wake. Waliuliza "Tutapata wapi mashine zenye nguvu?" kabla ya kuuliza "Udongo huu wataka nini, mvua yake ni kiasi gani, na nani atazitengeneza zikivunjika?" Wazee wetu waliyashuhudia hayo.

Katika habari za kompyuta zenyewe nchi yetu ina fundisho jingine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matarajio yalikuwa makubwa, lakini kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya ruhusa. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na leo Serikali yenyewe yataka vyama vya ushirika vitumie mfumo wa kompyuta katika usimamizi wake. Tunayakumbusha haya ili ionekane kwamba katika habari hii mtu aweza kukosea kwa njia mbili: kununua pasipo kupima, na kukataa pasipo kupima.

Basi twawaletea maswali matano, ambayo kila Bodi na iyajibu kwa maandishi kabla ya kuomba fedha kwenye mkutano mkuu.

Swali la kwanza: ni kazi gani inayochelewa, na yachelewa wapi? Karani akisema "kompyuta ni nzito", hajasema kitu bado. Afungue daftari, na kwa muda wa wiki mbili aandike kila mara anapongoja: ametaka kufanya nini, amengoja dakika ngapi, na sababu ilikuwa nini. Sisi tulifanya hivyo katika ofisi yetu wakati wa malipo ya ufuta, na daftari lilitushangaza. Muda mwingi wa kungoja haukutoka katika mashine hata kidogo. Ulitoka katika mtandao wa simu uliokuwa hafifu saa za mchana, katika umeme uliokatika, na zaidi ya yote katika kusahihisha majina ya wakulima yaliyoandikwa namna mbili: namna moja katika kitambulisho, na namna nyingine katika akaunti ya benki. Hapana kompyuta duniani, hata iwe ya bei gani, itakayoondoa tatizo hilo la mwisho. Litaondolewa na karani mwenye kalamu, akikaa na wanachama mmoja mmoja kabla ya msimu.

Swali la pili: ikiwa kosa ni la mashine, ni sehemu gani ya mashine? Trekta lisipowaka hatulitupi. Twatazama kwanza mafuta, betri na plagi. Kompyuta kadhalika ina sehemu zake. Kiko kichakataji, ndicho kifanyacho hesabu. Iko kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Hiyo ni kama meza ya karani, ikiwa ndogo majalada hayaenei juu yake. Iko diski, ambayo ni kama kabati la kutunzia majalada. Katika kompyuta za zamani kabati hilo ni sahani zinazozunguka, na kufungua jalada huchukua muda; katika diski za namna mpya, zile ziitwazo SSD, hakuna kitu kinachozunguka, kwa hiyo hufungua upesi zaidi, tena hustahimili mitikisiko ya njia zetu kuliko zile za zamani.

Kujua sehemu iliyo dhaifu hakuhitaji safari ya mjini. Katika kompyuta za Windows, karani akibonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc, hufunguka dirisha liitwalo Task Manager. Hapo ataona kwa asilimia jinsi kichakataji, kumbukumbu na diski zinavyofanya kazi. Aliangalie wakati kazi imekwama. Kumbukumbu ikiwa imejaa karibu yote, meza ni ndogo. Kuongeza ramu kutasaidia. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 ilhali kumbukumbu ina nafasi, kabati ndilo lililochoka. Kubadili diski kutasaidia. Vyote viwili vikiwa vimetulia na bado ukurasa haufunguki, basi mtandao ndio wenye lawama, na kununua kompyuta kutakuwa ni kumpa dawa asiye mgonjwa.

Swali la tatu: je, mashine hiyo yaweza kutengenezwa, au umri wake umekwisha kweli? Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika huduma ya nyongeza ya muda maalumu. Mashine haikuzimika siku hiyo, wala haikupoteza kazi zake. Lakini nyumba isiyozibwa ufa hukaribisha mwizi. Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa kompyuta nyingi za Intel Core, kichakataji kiwe cha kizazi cha 8 au zaidi. Ramu na diski hubadilishwa kwa urahisi katika kompyuta nyingi, ila kichakataji cha kompyuta ya mapajani kwa kawaida hakibadilishwi. Kwa hiyo kompyuta ya kizazi cha 4 au cha 5 yaweza kufanywa iende upesi, lakini haitakuwa salama kwa kutunza akaunti za wanachama kwa miaka mingi. Hiyo yafaa ipewe kazi za kuandika barua na kumbukumbu za mikutano. Ile ya kizazi cha 8 na kuendelea, ikiwa nzito, usiiuze, itengeneze.

Swali la nne: gharama yake kamili ni kiasi gani, kwa kipimo anachokijua mkulima? Tuchukue mfano, na kila chama kiweke bei zake chenyewe badala ya hizi zetu. Tuseme kompyuta mpya ni shilingi 1,500,000. Lakini kompyuta haiji peke yake. Yataka betri ya akiba ili umeme ukikatika orodha isipotee, tuseme shilingi 250,000. Na programu halali, kuhamisha kumbukumbu na kumfundisha karani, tuseme shilingi 250,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Ikiwa chama kinabakiwa na ushuru wa shilingi 25 kwa kilo, kompyuta hiyo imekula ushuru wa kilo 80,000, yaani tani 80.

Sasa tutazame matengenezo. Diski mpya tuseme shilingi 120,000, ramu shilingi 80,000, na fundi shilingi 50,000. Jumla shilingi 250,000, ambayo ni ushuru wa tani 10. Kompyuta mpya ikidumu miaka 5, kila mwaka imegharimu tani 16. Iliyotengenezwa ikidumu miaka 2 tu, kila mwaka imegharimu tani 5. Kwa hesabu hiyo matengenezo yameshinda, maadamu mashine ni ya kizazi kinachokubalika. Lakini tuigeuze hesabu. Chama chenye wakulima 600 kikichelewesha malipo kwa siku 2 kwa sababu mashine imekufa katikati ya msimu, zimepotea siku 1,200 za kungoja, na katika siku hizo kangomba hailali. Hapo tani 80 si ghali. Twataka mwone kwamba hesabu hiyo hiyo yaweza kuongoa kwa "ndiyo" au kwa "hapana", kwa kadiri ya hali ya kila chama.

Swali la tano: fedha hiyo ingeweza kufanya nini kingine? Ghala linalovuja huharibu korosho ya watu, na korosho iliyolowa hushuka daraja mnadani. Mizani isiyo sahihi humdhulumu kila apimaye. Ikiwa chama kina paa bovu na kompyuta nzito, paa litangulie. Ikiwa ghala ni zima na mizani imekaguliwa, lakini malipo huchelewa kwa sababu ya mashine, basi mashine itangulie. Mlolongo huo usipangwe na katibu peke yake, wala na mwenyekiti peke yake. Uingizwe katika makisio ya mwaka, usomwe mkutanoni kwa sauti, na bei zitakwe kwa wauzaji wasiopungua watatu, ili mkaguzi wa COASCO atakapokuja akute karatasi zote mahali pake.

Bwana Mwenyekiti, kuna mambo mengine matatu ambayo hayagharimu fedha nyingi, lakini yakisahauliwa, hata kompyuta bora itageuka kuwa hasara.

La kwanza ni wakati. Ufuta huanza kuuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na kuanzia Oktoba ni korosho. Mtu asibadili mashine mwezi wa Septemba, akaingia msimu wa korosho na kifaa asichokizoea. Wakati wa kubadili ni kati ya Februari na Aprili, mizani inapopumzika, ili karani apate muda wa kujifunza na kosa lolote ligunduliwe mapema.

La pili ni nakala. Orodha za wanachama zinakiliwe kila jioni ya siku ya kazi katika diski ya pembeni, na diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Leja ya karatasi nayo isiachwe. Wako wanaotucheka kwa kuandika mara mbili. Lakini mashine ikifa, leja ndiyo inayosema kilo za kila mtu.

La tatu ni siri za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023. Katika kompyuta zetu mna majina, namba za vitambulisho, namba za simu na akaunti za watu. Chama kikiuza au kutoa kompyuta kuukuu, diski yake itolewe, au isafishwe na fundi mbele ya mjumbe wa Bodi. Kufuta majalada kwa kidole tu hakutoshi, kwa kuwa mjuzi aweza kuyarudisha. Akaunti ya mwanachama ni amana, na amana haiuzwi pamoja na kabati.

Tukiyakusanya hayo yote, pendekezo letu kwa mikutano mikuu ni hili. Kompyuta zote za vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa zikaguliwe mwezi wa Februari na fundi mmoja, kwa karatasi moja ya ukaguzi. Zile zinazofaa kutengenezwa zitengenezwe. Na kwa kuwa diski na ramu zitanunuliwa nyingi kwa pamoja, twaweza kutaka bei nafuu, kama tunavyofanya kwa magunia. Zile ambazo umri wake umekwisha ziondolewe katika kazi ya malipo, na vyama vyake ndivyo vitangulie kupata mpya. Fauka ya hayo, Chama Kikuu kiweke kompyuta mbili za akiba, moja Nachingwea na moja Ruangwa, zilizotayarishwa kabisa. Chama kitakachopatwa na ajali katikati ya msimu kitaazimwa siku ile ile. Kwa njia hiyo hatutalazimika kununulia kila ofisi mashine mpya kwa sababu ya hofu. Twaamini ushirika maana yake ndiyo hiyo: asichokiweza mmoja peke yake, wengi wakibebe.

Hatudai kwamba shauri hili litampendeza kila mtu. Karani aliyetarajia mashine mpya atapewa diski. Mwanachama aliyetarajia kwamba hata shilingi moja haitatumika ataambiwa kwamba chama chake lazima kinunue. Kila mmoja wao atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini, na kila mmoja lazima aonyeshwe daftari, karatasi ya ukaguzi, na hesabu ya tani. Shauri lililoandikwa namna hiyo, hata likikosolewa, laweza kusahihishwa. Lililokatwa kwa maneno matupu halishikiki.

Katika miaka hii kumi tumejenga maghala, tumezoea minada, na tumejifunza kusoma stakabadhi zetu wenyewe. Miaka ijayo itatuletea vifaa vingi vingine, vyenye majina tusiyoyajua bado, na wauzaji wenye maneno matamu. Tukishika desturi ya kupima kwanza, hatutakuwa na sababu ya kuviogopa wala kuvikimbilia. Twawaomba wajumbe mlipeleke pendekezo hili kwa wanachama wenu, mlisome kwao polepole, na mrudi na majibu yao kabla ya Februari.

Ushirika udumu.